Nyota Iliyozimwa Kyabitembe

Kahigi hakuwa na viatu vya sikukuu. Hakuwa na kaka wa kumtetea njiani, wala baba wa kuwatishia watu kwa jina lake, maana baba yake alikuwa akivua samaki visiwani na mwaka ule hakuwa amerudi. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na mwili wala sauti ya kumfanya mtu asite kabla ya kumchokoza. Lakini kitu alichokikosa kwa uchungu kuliko vyote kilikuwa taa, kwa sababu Desemba ilikuwa imeingia, senene, wale panzi wanaokaangwa na kuliwa, walikuwa wakiruka, na mtu asiye na taa kali hapati senene.

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kumkatia majani mbuzi wa bibi yake Magdalena, Kahigi alisimamisha mabati yake mawili ndani ya pipa nyuma ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba ya mwisho. Kisha aliwasha kibalbu cha chumbani, ambacho alikuwa amekivuta kwa waya hadi nje. Senene hupenda mwanga mweupe. Huufuata, hujigonga kwenye bati, huteleza na kuangukia ndani ya pipa. Mwanga wa Kahigi ulikuwa wa manjano na hafifu. Asubuhi alikuta senene wa kujaza kikombe, ilhali ng'ambo ya njia, kwa akina Joackim, wenye taa kali, walikuwa wakijaza magunia.

Jioni moja Joackim alivuka njia na kuchungulia ndani ya pipa.

"Unawatega au unawaombea?" aliuliza.

"Taa ile ni ya baba yako," Kahigi alijibu. "Wewe mwenyewe unategea nini? Meno?"

Meno ya Joackim yalikuwa yametokeza mbele, na hakupenda yatajwe. Alimpiga Kahigi ngumi ya mdomo. Kahigi alipoanguka, Joackim alimkandamiza shingo kwa goti mpaka pumzi ikakata, halafu akaokota jiwe na kuyaponda mabati yote mawili hadi yakajikunja kama majani makavu. Kahigi aliinuka akiwa na ladha ya damu kinywani.

"Nani kakupasua mdomo?" bibi aliuliza ndani.

"Niliteleza, bibi."

Magdalena alimletea maji ya chumvi. Kahigi alisukutua, akatema wekundu, na moyoni akaapa kwamba atapata taa kubwa kuliko ya Joackim, kwa njia yoyote ile.

Kyabitembe ni mji mdogo wilayani Muleba, na nyumba zake zimeshuka mteremko hadi ufukweni mwa ziwa. Mji huo una desturi yake. Krismasi ikikaribia, Waislamu ndio hutundika taa barabarani, ili jirani zao Walutheri wapate nafasi ya ibada na mapishi. Idd ikifika, Walutheri ndio hupanda ngazi. Wazee walikubaliana hivyo tangu umeme ulipofika, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nyaya za taa za rangi zilitoka duka hadi duka, na katikati ya soko, juu ya mlingoti, palikuwa na nyota ya mbao yenye balbu moja nyeupe, kubwa kama papai. Watu waliorudi kwa basi kutoka Dar es Salaam waliiona wakiwa bado kilimani, wakaanza kushusha mizigo yao kabla basi halijasimama.

Mwaka ule aliyezitundika alikuwa Uledi, kijana fundi umeme aliyekuwa na kibanda pale sokoni. Alikuwa pia akikodisha na kutengeneza taa za senene. Dada yake Mastura alikaanga vitumbua kwenye baraza ya kibanda hicho, na watoto wengi walimjua Uledi kwa sababu aliwatupia kitumbua kimoja kimoja dada yake alipogeuka.

Siku chache kabla ya Krismasi umeme ulikatika mchana, na mvua kubwa ikanyesha. Watu wote walijibanza ndani. Uledi alikuwa amekaza waya wa nyota asubuhi, akaiacha ngazi pale pale mlingotini. Kahigi alipita, akaiona. Alitazama kushoto na kulia, akapanda, akaifungua balbu na kuiweka kifuani chini ya shati. Njia nzima alijiambia kwamba ameazima tu, na kwamba alfajiri atairudisha kabla mtu hajaamka. Aliificha ndani ya pipa, akaifunika kwa majani ya mgomba.

Jua lilipozama, umeme ulirudi. Taa za rangi ziliwaka, watoto wakashangilia, kisha wakanyamaza. Juu ya mlingoti palikuwa na giza.

Mzee Aroni alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, ambaye kila mwaka aliwaleta wajukuu wake kuitazama nyota. Alimwagiza mtu apande. Mtu yule alishuka akasema balbu haipo, imefunguliwa.

"Nani alikuwa hapa leo?" Mzee Aroni aliuliza.

"Huyu Kahigi alikuwa anazungukazunguka," alisema Joackim.

Watu wakamgeukia. Kahigi aliona macho mengi, akalamba mdomo wake uliokuwa bado umevimba.

"Sema, mwanangu," Mzee Aroni alimhimiza. "Uliona nini?"

"Nilimwona Uledi na ngazi."

Hilo lilikuwa kweli.

"Alishuka na kitu mkononi?"

"Alishuka na kitu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, maana asubuhi ile Uledi alikuwa ameshuka na koleo lake la kukatia waya. Lakini Kahigi hakusema koleo, na hakuna aliyemuuliza.

"Si ndiye mwenye taa za senene?" sauti ilitoka nyuma. "Keshaipeleka kwenye mapipa."

"Tumewapa kazi ya kututundikia, kumbe wanatuchezea," mwingine akasema. "Krismasi si yao, uchungu wataupata wapi?"

Mzee Aroni alisikia maneno hayo. Angeweza kuyakata pale pale, lakini alikuwa na hasira, akanyamaza.

Wakati huohuo Uledi alitokea kwa pikipiki akirudi kutoka Kagoma, alikokwenda kuchukua taa iliyoharibika. Alikuwa ameifunga nyuma kwa mpira, nyeupe, kubwa, kila mtu akiiona.

"Ile pale," mtu akasema.

Hawakumpa nafasi ya kuzima injini. Wa kwanza alimvuta ukosi, pikipiki ikaanguka, ile taa ikapasuka.

"Jamani, hii ni ya mtu wa Kagoma," Uledi alisema. "Mpigieni simu, namba ninayo."

Fimbo ilimpata mdomoni, na meno mawili yakatoka pamoja na neno la mwisho. Kisha yalikuja mateke. Mtu aliyenunua kwake soketi wiki ile alimkanyaga tumbo. Kijana mmoja alibeba tofali kwa mikono miwili akaliachilia, na mkono wa Uledi ukavunjika kwa mlio ambao Kahigi aliusikia kutoka mbali. Wengine walikimbilia kibanda, wakang'oa mlango na mbao za ukuta, wakazichukua kuwa silaha. Watu waliokuwa nyuma, ambao hawakuona lolote, walitupa mawe juu ya vichwa vya wenzao ili nao wawe wametupa.

"Si yeye," Kahigi alisema. Akasema tena kwa nguvu, akipenya katikati ya miguu. "Si yeye, ni mimi."

Kiwiko kilimpiga jichoni, jiwe likampata juu ya sikio. Hakuna aliyemsikia. Kupitia damu iliyokuwa ikimshuka usoni alimwona Mastura akijitupa juu ya kaka yake na kumfunika kwa kanga, na fimbo zikiendelea kushuka juu ya mgongo wake.

Kahigi aligeuka akakimbia. Alipanda mteremko, akaingia kibanjani, akapindua pipa, akaichukua balbu. Bibi alimwita, hakuitika. Aliporudi sokoni, mtu alikuwa ameshamwaga petroli ya ile pikipiki kwenye ndoo, na mwingine anauliza nani ana kiberiti.

Taa za rangi zilikuwa za kupendeza tu. Hazikutosha kuonyesha uso wa mtu. Katika wekundu na kijani kile kila mtu alikuwa kivuli. Kahigi alipanda kwenye benchi la vitumbua. Waya wa taa ya baraza ulikuwa bado umening'inia juu ya mabaki ya kibanda. Alitoa balbu ndogo, akaifunga ile ya nyota.

Mwanga mweupe ulilipuka juu ya soko zima.

Wakaonana. Mwalimu wa watoto alikuwa ameshika nusu tofali. Baba yake Joackim ndiye aliyeshika ndoo. Mzee Aroni alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, na ncha yake ilikuwa imelowa. Kila mtu aliona kitu alichokibeba, na aliona kwamba jirani yake anakiona. Mikono ilibaki hewani.

"Balbu niliiiba mimi," Kahigi alisema. Safari hii hakuhitaji kupaza sauti. "Nilitaka kutegea senene. Uledi alishuka na koleo. Nilijua ni koleo."

Kijana wa tofali alipiga hatua kumwelekea. Mastura aliinuka. Kanga yake ilikuwa imechanika, na alipumua kwa shida.

"Haya," alisema. "Mmalizeni na huyu. Mawe bado mnayo. Mkitoka hapo mtafute wa tatu."

Jiwe moja lilianguka chini, kisha lingine. Senene walikuwa wameuona mwanga, wakaanza kushuka kwa mamia, wakiwaangukia watu mabegani na kwenye nywele, wakitambaa juu ya damu. Hakuna aliyeinama kuwaokota.

Uledi alipelekwa hospitali Bukoba usiku uleule, kwa gari la abiria lililoondolewa viti. Asubuhi polisi walikuja. Mzee Aroni hakusubiri kutafutwa. Alikwenda mwenyewe akiwa na fimbo yake, akataja alichofanya, na wengine wakamfuata, wakaachiwa kwa dhamana. Magdalena alimshika Kahigi mkono, akampeleka kituoni akaeleze yote, halafu akampeleka kwa Mastura, akamwacha mlangoni.

"Mimi nimemlea," alisema. "Mwambie wewe la kufanya. Likiwa gumu, alifanye."

Krismasi ile ilipita bila nyota. Balbu ilikuwepo, ngazi ilikuwepo, lakini hakuna Mlutheri aliyethubutu kupanda, na hakuna Mwislamu aliyeombwa. Badala yake, baada ya ibada, watu walianza kufika sokoni mmoja mmoja, huyu na mbao, yule na misumari. Walijenga upya kibanda pamoja na vijana wa msikitini, kwanza bila kusemezana. Joackim na Kahigi walibeba mabati, mmoja mbele na mwingine nyuma.

"Mdomo umepona?" Joackim aliuliza siku ya pili.

"Umepona."

"Mabati yako nitakunyooshea."

"Beba, bwana, yanaelemea upande wangu."

Uledi alipotoka hospitali hakurudi. Alikaa kwa kaka yake mkubwa, hukohuko Bukoba, mkono ukiwa kwenye plasta na sikio moja halisikii. Watu walimpigia simu, akakata. Mwishowe alizungumza na dada yake.

"Sitaki simu," alisema. "Maneno ya mdomo ndiyo yaliyonivunja. Anayetaka nirudi aandike, aweke na jina lake, nami nitakuja."

Mastura alimwita Kahigi, akampa karatasi na kalamu, akamkalisha kwenye benchi la vitumbua. Kahigi aliandika kwa muda mrefu, ulimi ukiwa umetoka pembeni. Mastura alisoma, huku mwiko ukiwa mkono wa pili.

"Hapa unasema Joackim alikupiga na kukuharibia mabati."

"Ndivyo ilivyokuwa, dada."

"Najua. Lakini Joackim hakupanda ngazi. Futa."

Aliandika upya. Mastura akasoma tena.

"Hapa unasema hukujua kwamba watampiga."

"Sikujua."

"Ulijua watamshika yeye wakuache wewe. Andika ulichojua."

Kahigi aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, ikabidi achukue nyingine. Alipomaliza, haikuwa barua ndefu. Ilisema aliiba balbu, alisema nusu ya ukweli kwa makusudi ili mwingine apatikane na kosa, na kwamba mkono wa Uledi ulivunjwa na tofali, lakini Kahigi ndiye aliyelinyanyua kwanza, kwa maneno yake. Iliomba msamaha bila kisingizio chochote. Chini aliandika jina lake lote.

Mastura alisoma, kisha akaweka mwiko chini.

"Sikiliza, Kahigi. Ulitaka taa, si dhambi. Kuiba ni kosa, lakini lingerekebishwa alfajiri. Kilichomwaga damu ni kusema neno la kweli na kuficha lililobaki. Ukiulizwa jambo, toa lote, hata kama litakuangukia wewe. Na ukiona watu wamekasirika, usiwape jina la mtu. Watu wakiwa na hasira hawaulizi mara mbili."

"Nimesikia, dada."

"Umesikia leo. Nataka kukuona ukisikia siku ukiwa na hofu."

Mzee Aroni alifika akiwa hana fimbo, akiburuta mguu kidogo. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe, na nyuma yake walikuwa watu wengine, kila mmoja na yake. Mwalimu alikuwapo. Baba yake Joackim alikuwapo pia, na ya kwake ilikuwa na mistari mitatu tu, kwa sababu hakuzoea kuandika.

"Tuziweke pamoja, waitu," Mzee Aroni alimwambia Mastura kwa unyenyekevu, akitumia neno la heshima la Kihaya. "Lakini ya mtoto itangulie. Yeye ndiye aliyesema wa kwanza."

Mastura alizikunja zote, akaiweka ya Kahigi juu, akazitia ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Alimpa Kahigi alambe gundi ya kifuniko na kuibana kwa kiganja mpaka ishike. Basi la Bukoba lilikuwa likipiga honi barabarani. Kahigi alikimbia nayo, akamkabidhi kondakta mkononi, akamtajia jina la Uledi, na akasimama pale pale mpaka basi likapotea kilimani.