Ngamia wa Ogle na Maji ya Watoto

Kiangazi cha mwaka 1996, Habibo alikwenda bwawani kila asubuhi, dumu mgongoni. Bwawa lilikuwa nje ya Hulugho. Kila asubuhi alikuta ngamia wa Ogle wamekwisha kuingia majini. Walikunywa, wakakojoa, wakakoroga tope. Habibo na wanawake wenzake walikaa juani wakisubiri kilichobaki.

Ogle alikuwa tajiri wa Garissa mjini. Kwake maji yalitoka bombani. Kwa nini basi ngamia wake watangulie? Kwa sababu bwawa lilipochimbwa, alichinja ngamia dume, wachimbaji wakala wakashiba. Tangu hapo wazee waliona haya kumwambia neno. Haya gani hiyo, jamani, ya kunyima watoto maji?

"Tulikula nyama yake," alisema Hanad, mume wa Habibo. "Mtu amekulisha, utamfukuza vipi?"

"Na mikono iliyochimba ilikuwa ya nani?"

Hanad akajifanya anafunga viatu.

Kisha binti yao mdogo, Ugbad, akaanza kuhara. Habibo alimwita jirani yake Fatumo, aliyefundishwa kazi ya afya kwenye zahanati. Fatumo alibana ngozi ya tumbo la mtoto. Ilibaki imekunjamana.

"Maji yamemwishia mwilini, abaayo," alisema, akimwita dada kwa Kisomali. "Chemsha maji safi. Tia sukari na chumvi kidogo. Mnyweshe kidogo kidogo, usiache."

"Maji safi nitayatoa wapi, dada yangu?"

Fatumo alichukua dumu la tope. Walichuja tope kwa shuka, wakachemsha, wakachuja tena. Walipata kikombe kimoja. Ugbad alikunywa, akaomba mengine. Hayakuwapo. Alifariki kabla ya adhuhuri. Nikupambie nini? Ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya maziko, Ogle alikuja kutoa pole na gunia la sukari. Mwakani alitaka udiwani, na hilo kila mtu alilijua. Wazee walianza kumshukuru. Habibo akatoka walikokaa wanawake, akaweka dumu lake la tope mbele yao.

"Tieni sukari hiyo humu," alisema, "mnywe."

Fatumo alimfuata. "Wazee wangu, mwenye ngamia wengi anakunywa mengi na kuchafua mengi. Ametulisha siku moja, tumefunga midomo mwaka mzima. Mwakani mtampa kura kwa haya hii hii. Halafu ataamua yeye zahanati ipewe dawa au isipewe."

"Mimi nimewasaidia," alisema Ogle.

Hanad alisimama. "Tulichimba sisi. Nyama yako tulikula, na asante tulikupa. Binti yangu hakuwa bei yake. Chukua gunia lako."

Siku ile ile wazee walikubali, na watu wakalizungushia bwawa ua wa miiba. Wanyama hawakuingia tena majini, bali walinyweshwa nje, kwenye mabirika. Watu walichota kwanza, kisha mbuzi, kisha ngamia kwa zamu. Mwenye mifugo mingi alileta wachimbaji wengi wa kutoa tope. Ogle alinuna, akatisha, mwishowe akaleta watu wake kama wengine. Fatumo alipita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wachemshe maji.

Mpaka mvua iliponyesha, hakuzikwa mtoto mwingine kwa sababu ya bwawa lile. Wa mwisho alikuwa Ugbad.