Nani Amekula Uzi?

Asubuhi hiyo Sindano alifagia vipande vya vitambaa, akatia mafuta cherehani, akaanza kushona sare za shule. Jina la Sindano alipewa na kaka yake, kwa wembamba wake na kwa ukali wa ulimi wake. Kibanda cha ushonaji kilikuwa cha kaka. Yeye alikata vitambaa, Sindano akashona.

Jua halijapanda, uzi ukaisha.

"Tena?" kaka alifoka. "Boksi linasema rili moja ina mita mia mbili. Hizo zinatosha mashati mawili kamili. Mbona hili la pili halina mkono?"

"Kwa sababu uzi umeisha, Kaka. Nishone kwa mate?"

"Usinijibu hivyo! Nasikia unashonea watu nyumbani. Leo nimejua unatumia uzi wa nani."

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Walisikia kila neno. Damu ikamchemka Sindano.

"Unaniita mwizi?"

"Boksi halina mikono," kaka alijibu. "Wewe unayo."

Mtu akishakuita mwizi, hata ukikohoa ataona umemeza kitu. Sindano alivua tepu ya kupimia shingoni, akaitupa mezani, akatoka. Hakwenda kwake. Alivuka ua mpaka kwa jirani aliyefanya kazi ofisi ya vipimo. Mtaa mzima ulimwita Mama Mizani. Alikuwa anaanika nguo.

"Hasira hasara, mwanangu," Mama Mizani alisema alipomwona.

"Hasara ninayo tayari, mama. Niache nimalizie na hasira."

Akamweleza yote. Rili zilikuwa fupi, yeye alijua. Juzi alipima moja, ikatoka mita mia na themanini na moja. Akaipeleka kwa mwenye duka la uzi. Mwenye duka naye akapima moja ya kwake, ikatoka mia mbili na nne. Kaka akamcheka Sindano na kumwamini mwenye duka.

"Hiyo rili yako uliichaguaje?"

"Nilizibonyeza kwa kidole gumba, kama mafundi wote. Nikachukua iliyo laini kabisa, maana laini ndiyo yenye uzi mchache."

"Na mwenye duka?"

"Alibonyeza pia. Akachukua ngumu kabisa."

"Basi mmedanganyana! Mashine ya kiwandani haikati sawasawa. Rili moja itazidi, nyingine itapungua. Rili moja haisemi kitu. Tunataka kujua wastani wa rili zote."

"Zote? Ziko mamia!"

"Ukitaka kujua chumvi ya mchuzi, unakunywa sufuria nzima? Unakoroga, unaonja kijiko. Twende tukakoroge. Mwite na kaka yako."

Kaka alikuja amenuna. Dukani, mwenye duka alitoa rili kutoka boksi la mbele. "Pimeni hizi."

"Hizi hapana, nachagua mwenyewe," kaka alisema, akaanza kubonyeza nyingine.

"Toa kidole!" Mama Mizani alimkemea. "Hapa hachagui mtu."

Aliwaambia wazipe namba rili zote dukani. Akaandika namba hizo kwenye vikaratasi, akavitikisa koponi, akachomoa ishirini bila kutazama.

"Sasa sikilizeni. Tunaanza kwa kuliamini boksi. Tunasema wastani ni mita mia mbili, mpaka ushahidi utukatalie. Na mstari tunauchora sasa, kabla ya kupima. Tukiona kwamba, boksi likiwa kweli, upungufu kama tutakaoupata au zaidi ungetokea kwa bahati tu chini ya mara tano katika mia, basi tutalikataa boksi. Mnakubali?"

Walikubali wote. Mwenye duka alikubali kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Walitumia fremu ya mbao ambayo mzunguko wake mmoja ni mita moja. Sindano alizungusha mkono wa fremu, amekunja uso. Mwenye duka alihesabu. Rili nyingine zilipita mia mbili, naye akatabasamu. Nyingi hazikufika, na kila rili fupi sauti yake ilizidi kufifia.

Wastani ulikuwa mita mia na tisini.

"Bahati mbaya tu hiyo!" mwenye duka alisema.

"Tuone," Mama Mizani alijibu, akapiga hesabu. "Rili hizi zinapishana kwa kama mita kumi na mbili. Lakini wastani wa rili ishirini hauyumbi hivyo, maana ndefu na fupi hufidiana. Huo huyumba kwa kama mita tatu tu. Sasa umepungua mita kumi! Kama boksi lingekuwa kweli, bahati mbaya ya namna hii isingefika hata mara moja katika mia. Tumevuka mstari. Boksi tunalikataa."

"Na kama zingepungua mita mbili tu?" kaka aliuliza.

"Ningesema sina ushahidi wa kutosha. Nisingesema boksi ni kweli. Hayo ni mambo mawili."

Mwenye duka alipiga meza. Naye alikuwa ameuziwa uongo. Jioni hiyo hiyo alirudisha maboksi kwa aliyemletea, na ofisi ya vipimo ikaanza kufuatilia. Kaka akaapa kwamba kila mzigo mpya utapimwa kwa vikaratasi, si kwa kidole gumba.

Kesho yake alimfuata Sindano nyumbani kwake. "Rudi kazini, mdogo wangu. Yameisha."

"Hayajaisha!" Sindano alimjibu. "Boksi la watu usiowajua uliliamini mpaka rili ishirini zikalikataa. Mimi, tumbo moja na wewe, umenihukumu kwa shati moja! Kwa nini hukuanza kwa kuniamini?"

"Nisamehe," kaka alisema kwa sauti ndogo.

"Uliniita mwizi mbele ya wateja. Hapa ndani nani anakusikia?"

Kaka akaenda mpaka mlango wa kibanda, Sindano nyuma yake. Wateja walikuwepo, na wapita njia pia.

"Dada yangu hajaiba kitu!" alisema kwa nguvu. "Mwongo ni boksi. Mjinga ni mimi."

Hapo ndipo Sindano alipoingia, akavuta kiti, akaendelea na shati lisilo na mkono. Hasira ilikuwa haijamtoka.