Kiboksi cha Njano

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mama Kitufe alipofunika cherehani yake, akafunga duka, akamshika binti yake mkono. Walikuwa wanakwenda kununua kamera. Shughuli ya nusu saa tu, halafu warudi nyumbani wapike.

Mama huyu alikuwa fundi wa nguo kwa kazi, lakini ugonjwa wake ulikuwa picha. Kila gauni aliloshona alilipiga kwa simu kabla mteja hajalichukua. Binti yake ndiye aliyepigwa kuliko wote. Alikuwa na miaka sita, na jina la Kitufe alilipata alipoanza kutambaa, kwa tabia yake ya kuokota vitufe sakafuni na kuvitia mdomoni. Mume wa Mama Kitufe, dereva wa malori ambaye wiki hiyo alikuwa safarini, alimtania kwamba siku akirudi atakuta mke na mtoto wamehamia ndani ya simu. Lakini simu ndani ya nyumba yenye taa moja haina ujanja. Picha zilitoka na chengachenga, na Mama Kitufe aliumia moyo.

Miezi kadhaa alizunguka madukani. Kamera mpya alizinunua kwa macho tu. Zile ndogo za mfukoni zilikuwa rahisi, ila lenzi yake ndiyo hiyohiyo hadi unazikwa nayo. Mshauri wake alikuwa jirani yake wa duka, mpiga picha za harusi ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Flashi. Huyo alikuwa na mahubiri. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni boksi tu, alisema. Hela weka kwenye lenzi. Tafuta bodi ya zamani kidogo, lenzi moja ya kuvuta kwa kazi za kawaida, na moja ya hamsini, ile isiyovuta lakini inayokunywa mwanga hata chumba kikiwa na giza. Mulika kioo kwa tochi uangalie ukungu. Na ukinunua kamera iliyotumika, ukifika nyumbani cha kwanza ni kufuta kila kitu na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Usirithi mipangilio ya watu.

Ndipo akasikia kwamba mzee mmoja mwenye studio ya picha mtaani hapo anauza kamera yake.

Studio yenyewe ilikuwa imefungwa tangu mke wa mzee afariki. Mapazia yalikuwa yamepauka, viti vimegeuziwa ukutani. Jioni hiyo mzee alikuwa ameshaweka kila kitu mezani: bodi, lenzi ya kuvuta, na hamsini. Mama Kitufe alimulika vioo kwa tochi. Safi kabisa. Bei aliyotajiwa ilikuwa nusu ya zile alizozizoea, na kwa furaha hakuuliza kwa nini. Mzee alipofungua mkoba wa kamera ili avitie humo, ilitoka harufu ya udongo uliotoka kumwagiwa maji. Kitufe akarudi nyuma, akajificha kwenye sketi ya mama yake.

Mzee alisema jambo moja tu, na alilisema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, kuna uso humo ndani. Usiufute."

Akamweleza. Kamera hii unaweza kuifundisha uso wa mtu mmoja. Nyuso nyingine zote itazizungushia kiboksi cheupe, lakini huyo mmoja itamwekea cha njano, na itamtafuta yeye kwanza popote alipo. Uso uliomo ulikuwa wa marehemu mkewe. Mama Kitufe akamwonea huruma. Akaahidi. Aliahidi kwa mdomo, namna tunavyowaahidi wafiwa ili wasilie mbele yetu.

Wakati wanaondoka, mzee hakuwatazama wao. Alitazama mkoba. Kisha akashusha pumzi ndefu na kufunga mlango haraka.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala, na kati yake mlango wenye pazia ambalo jioni hiyo lilikuwa limefungwa pembeni. Mama Kitufe hakukumbuka hata kuwasha jiko. Alimkalisha binti yake kwenye kigoda, akafunga hamsini, akawasha kamera.

Kiboksi cha njano kikatokea papo hapo kwenye kioo cha nyuma.

Hakikuwa kwa Kitufe. Kilikuwa mlangoni, pembeni ya pazia, kwenye kimo cha mtu mzima. Na hapo mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama Kitufe akacheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Akaielekeza kamera kabatini, kiboksi kikapotea. Akairudisha mlangoni, kikarudi. Akabadilisha lenzi, akaweka ya kuvuta, kwa kudhani hamsini ndiyo mbovu. Kiboksi kilikuwa palepale, kimetulia... Kisha kikasogea. Kidogo tu, kuja upande wake.

Akampigia simu Bwana Flashi, naye akamcheka hadi akakohoa. Hiyo ni mipangilio ya mwenyewe wa zamani, alisema, kamera inaona uso hata kwenye mkunjo wa pazia. Si alimwambia? Afute.

Akakumbuka ahadi yake kwa mzee. Lakini ilikuwa ni mashine, na hela ilikuwa imetoka mfukoni mwake. Akafuta. Kamera ikamuuliza kama ana hakika anataka kuondoa uso uliosajiliwa, akabonyeza ndiyo. Alipoielekeza tena mlangoni, hapakuwa na kiboksi chochote.

Halafu akafanya ambalo mama yeyote mwenye kamera mpya angelifanya. Akaifundisha uso wa mwanawe. Alimwambia asogee kwenye taa, atazame mbele, uso ujae fremu. Kamera ikakubali. Tangu hapo kiboksi cha njano kikamganda Kitufe kila alikokwenda, akiruka kipo, akiinama kipo. Picha zilitoka na uhai hata kope zingeweza kuhesabika. Mama Kitufe alicheka peke yake pale sebuleni. Kwa nusu saa hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa na furaha kumzidi.

Ndipo harufu ikaingia.

Udongo. Udongo mbichi.

Alidhani mvua imeanza. Akasikiliza bati... kimya. Kitufe alikuwa ameacha kucheza, amekuja kumwegemea begani ili aone picha. Kamera ilikuwa bado mikononi mwa mama, imeelekea mlangoni bila yeye kukusudia. Kwenye kioo kiboksi kilikuwa kimewaka.

Cha njano.

Kwenye kimo cha mtu mzima.

Mama Kitufe alihisi pumzi ya binti yake shavuni, hapa, nyuma ya kamera. Akainua macho kutoka kwenye kioo akatazama mlango wenyewe. Aliona pazia tu, na giza la chumbani. Lakini Kitufe alikuwa anaona kitu kingine.

"Mama," akanong'ona. "Mbona pale mimi ni mrefu?"

Mama yake alimbeba mzimamzima, kamera ikining'inia shingoni, akatoka bila kufunga mlango, bila viatu.

Barabarani taa zilikuwa zimeshawashwa. Bwana Flashi alikuwa anashusha shata la duka lake, akamwona anakimbia, akamzuia kwa utani. Akaisifu kamera. Kisha akamtazama mtoto aliyeshushwa chini, akatabasamu kwa adabu.

"Na huyu mtoto wa nani?"

Mama Kitufe akafikiri ni mzaha. Mtu huyu alikuwa amemnunulia Kitufe peremende mchana wa siku hiyohiyo. Alikuwa amempiga picha ya kwanza akiwa na siku tatu duniani.

"Kitufe mwenyewe umemwacha na nani usiku huu?" akaendelea Bwana Flashi, na usoni mwake hapakuwa na mzaha hata chembe.

Mama Kitufe akamvuta mtoto hadi chini ya taa. Akainua kamera. Kamera ikatafuta, ikatafuta, lenzi ikaguna mbele na nyuma... hakuna kiboksi. Si cha njano, si cheupe. Akaishusha, akamtazama kwa macho yake. Macho yalikuwepo, pua ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Lakini havikuungana vikawa mtu. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, Mama Kitufe hakujua mkono aliokuwa ameushika ni wa mtoto gani.

Hofu aliyoipata hapo hakuwahi kuipata, hata siku ya kumzaa. Alikuwa anampoteza mwanawe huku amemshika.

Akambeba tena, akakimbia hadi studio, akaugonga mlango kwa ngumi mbili. Mzee akafungua kwa upenyo, akamtazama mtoto, akaelewa.

"Umefuta," alisema.

Alizungumza kwa kunong'ona, akiwa amesimama nyuma ya mlango. Mkewe alipokuwa mahututi alimleta mganga. Mganga alimuuliza anataka nini, na yeye, kwa sababu kazi yake ni nyuso, akaomba uso wa mkewe usimwondoke. Akaambiwa ampige picha, aifundishe kamera uso huo angali anapumua. Alifanya hivyo. Akazika. Na uso haukumwondoka.

"Ila aliyeuvaa si yeye," akasema mzee. "Sijui ni nani. Sijawahi kujua."

Kitu hicho hakiwezi kukaa bila uso, alisema. Ule wa marehemu hakuna aliyekuwa anauhitaji tena, ndiyo maana hakikumdhuru mtu. Lakini uso wa aliye hai hauwezi kuvaliwa na wawili. Mama Kitufe akasema ataivunja kamera hapohapo kwenye ngazi. Mzee akatikisa kichwa. Ukiivunja, au ukiufuta uso uliomo, umepotea; unaachiwa tu ukiwekwa mwingine badala yake. Warudishe wa marehemu? Haikubali picha ya karatasi, aliwahi kujaribu. Inataka uso wenye pumzi.

"Basi weka wako!" Mama Kitufe aliinua kamera kumwelekea. "Ulikileta wewe. Weka wako."

Mzee akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akiomba msamaha, na kwa bega akausukuma mlango ukajifunga. Komeo likasikika likiingia.

Mama Kitufe akakaa kwenye ngazi. Mtoto aliyekuwa mgeni machoni pake alikuwa amejilaza mapajani mwake, amechoka, anasinzia. Alimpapasa nywele. Mikono yake ilizifahamu zile nywele, alizisuka mwenyewe. Hilo likamtosha kuamua, maana hakujua mikono nayo itakumbuka hadi lini.

Akageuza kioo cha kamera kikamtazama yeye. Akanyoosha mikono mbele, uso wake ukajaa fremu. Kamera ikauliza kama abadilishe uso uliosajiliwa. Akabonyeza ndiyo.

Kitu cha baridi kikapita karibu na shavu lake... kikatulia kidogo... kikaenda.

Akatazama mapajani. Kitufe alikuwa pale. Kitufe wake, na kovu dogo chini ya kidevu, na mdomo wazi wa kukoroma. Akamkumbatia akalia kwa kwikwi, akimwita jina lake, akilirudia, na mtoto hakuamka. Akamfunga mgongoni kwa khanga akarudi naye nyumbani. Kamera aliitia kwenye sanduku la bati, akalifunga kwa kufuli. Alijiambia kwamba uso wake kitu hicho kikiutaka kiuchukue. Yeye ni mtu mzima, anajijua ni nani, na mumewe akirudi watatafuta namna. Mtoto amepona, basi.

Akapitiwa na usingizi kwenye kiti.

Aliamka jua limeshaingia sebuleni. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye bati, jirani anafagia, maji yanachuruzika kwenye ndoo ya mtu. Kila kitu kilikuwa kama kawaida, na hofu ya jana ilianza kumtia aibu kidogo. Akabandika chai.

Kitufe akatoka chumbani akifikicha macho. Akasimama. Akamtazama mama yake kuanzia miguuni hadi usoni, kwa ile adabu aliyofundishwa awe nayo mbele ya wateja.

"Shikamoo," alisema. "Umekuja kuchukua gauni?"

Mama Kitufe akakaa kitini, akamnyooshea mikono.

"Ngoja nimwite mama."

Mtoto akageuka kuelekea mlango wa chumbani, pale penye pazia. Hapakuwa na mtu. Uso wa Kitufe ukachangamka ghafla, meno yote nje, na kabla Mama Kitufe hajainuka kitini alikuwa ameshakimbia hadi pale, amenyoosha mikono yote juu ili abebwe.

Miguu yake ikaachana na sakafu.