Uso wa Bibi Mwanamina

Kila asubuhi, nikishafagia ua na kumpelekea mjomba chai, nilifuta kamera yake kwa kitambaa laini. Vumbi jekundu la Voi halina adabu. Huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mjomba wangu, Mwinyihaji, alikuwa fundi cherehani, na picha alipiga kwa kupenda tu. Mwaka ule wa 1924 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikwisha kunifundisha kupiga. Basi nikajiona bingwa!

Bibi yangu, Mwanamina, alikuwa anaondoka Ijumaa kwenda Makka. Safari ni ya meli, na yeye mzee. Huenda tusimwone tena. Hatukuwa na picha yake hata moja. Vioo vya kupigia vilibaki viwili, na kila kioo hutoa picha moja tu. Mjomba akanipa kimoja.

Nilimketisha Bibi barazani, kivulini, akilipa jua kisogo lisimchome macho. Nyuma yake uwanja ulikuwa unawaka. Mzee haketishwi juani. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo. Nikapiga.

Jumatano picha ilipokauka, nilimwonyesha rafiki yangu Wakesho, aliyeteremka na mama yake kutoka Ronge, kule milimani, kuuza ndizi. Akaangua kicheko.

"Khamisa wee! Huyu ni bibi au chungu cha jikoni? Picha mbaya hii!"

"Wewe umeshika kamera lini? Nenda kauze ndizi zako!"

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Basi yafumbe! Picha yangu ni nzuri na sirudii!"

Mjomba akaacha cherehani. "Wakesho, ukisema mbaya kisha ukacheka, umemsaidia nini mwenzio? Sema kilichoharibika."

Wakesho akaitazama tena, safari hii polepole. "Kiti kimetoka vizuri. Hata maua ya kanga nayaona. Lakini mwanga wote uko nyuma ya Bibi, ndiyo maana uso umekuwa mweusi. Angegeukia uwanjani..."

"Juani?" nikamkatiza. "Nimwanike bibi yangu kama mahindi? Sifanyi! Hamniwezi leo!"

Bibi alikuwa akisikia yote chumbani. Akatoka na fimbo yake, akaisogeza picha karibu na macho.

"Khamisa, huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Nikifa huko, mtalia mkitazama kanga?"

Niliona aibu.

"Nimelima juani miaka hamsini," akasema. "Dakika moja haitaniua." Akaburuta kiti mwenyewe hadi uwanjani.

Bado nimenuna, nikamwambia Wakesho, "Haya, simama hapa. Ukiona kosa, liseme kabla sijapiga." Akasema kanga inatia kivuli kwenye paji la uso. Nikaisogeza, Mjomba akanipa kioo cha mwisho, nikapiga.

Alhamisi mama yangu alipoiona picha, alilia. Mikunjo yote ilikuwepo, hata kovu dogo la kidevuni.

Bibi akatuita sote wawili. "Khamisa, anayekuonyesha kosa hajakutukana, muulize, usimfukuze. Nawe Wakesho, ukiona kosa, sema na njia ya kulirekebisha, kicheko kiweke kando. Mngeendelea kugombana, ningeondoka na uso wangu, nanyi mkabaki na kanga tu."