Pindo la Gauni la Njano

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani, mtu asiyejua kutia chumvi.

Miaka mitatu iliyopita alimshonea bintiye gauni la njano la kuzikiwa, na kwa mazoea ya kazi akaliachia pindo pana, kama afanyavyo kwa nguo zote za watoto. Mumewe akaliona. "Unamwachia nafasi ya kurefuka, huyo?" Neno hilo lilimkaa rohoni kama mfupa kooni.

Mwezi uliopita mume akawapeleka, yeye na watoto waliobaki, kupiga hema kando ya mto. Ng'ambo kuna kijiji cha maonyesho, ambako wafanyakazi huvaa nguo za kale mchana na kuwaonyesha wageni maisha ya zamani, kisha jioni hufunga na kwenda kwao.

"Tumekuja kupumzika," mume alimwonya. "Sitaki vilio."

Giza lilipoanza kuingia, mke akashuka mtoni na ndoo. Kijijini hapakuwa na taa hata moja, lakini alisikia mtu anafua: nguo inapigwa jiweni, pwa, pwa, kisha inakamuliwa.

"Nani huko?"



Akavuka daraja la miti, akimulika kwa simu. Kwenye kamba ya kuanikia palikuwa na gauni moja tu, la njano, linachuruzika maji. Akaigeuza shingo ya gauni, akautambua mshono wake mwenyewe.

"We mama, hayo maji unayachimba?" mume alifoka kutoka ng'ambo.

Vidole vilikuwa vimeshafika chini. Pindo lilikuwa limeshushwa mara tatu, mistari ya mikunjo ya zamani bado ikionekana, na hapakubaki kitambaa cha kushusha tena.