Tembe za Ajambo

Kitendawili, wajukuu zangu! Itikieni kwa nguvu. Msininong'oneze kana kwamba mna ugali wa moto mdomoni.

Nina mgeni. Hapigi hodi. Hali, hanywi. Hachagui asubuhi wala jioni. Akija, nyumba nzima husimama.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Tororo yote, na mwamba wake juu? Asanteni, nimeupokea. Jibu ni kifafa, ule ugonjwa wa kuanguka. Mgeni huyo alikuwa akienda nyumbani kwa Kevina, kule Dabani. Nitawaambia ilivyokuwa.

Kevina huuza mukene, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya Kenya huitwa omena. Huwaanika uani juu ya wavu wa zamani, kisha huwapeleka soko la Busia. Mume wake, Bwire, hupakia mizigo kwenye malori yanayongoja kuvuka mpaka. Binti yao anaitwa Ajambo. Ana miaka kumi na miwili, na kwa vitendawili hana mpinzani.

"Mama, kitendawili!"

"Tega."

"Navuka mpaka kila siku. Sina kitambulisho, na polisi hanisimamishi."

"Upepo?"

"Harufu ya samaki wako!"

Kevina alicheka. Lakini masikio yake hayakupumzika hata alipocheka. Sufuria ikianguka jikoni, alikimbia. Mtoto akikawia chooni, aliita.

"Ajambo!"

"Nipo, mama."

Mwingine angesema mama huyu ana wasiwasi bure. Haikuwa bure. Ajambo alianza kuanguka akiwa mdogo. Aliwahi kuanguka kisimani, na siku nyingine karibu na moto. Mkono wake wa kushoto una kovu mpaka leo. Nyumbani kwao sahani yake iliwekwa peke yake, kwa sababu watu walisema mate yake yanaambukiza.

Halafu kituo cha afya kilimpa tembe. Alimeza moja asubuhi na moja jioni. Mvua ndefu zilianza, mahindi yakakua, yakavunwa. Ajambo hakuanguka hata mara moja.

Bwire alifurahi sana. Alinunua jogoo mweupe, akampeleka kanisani. Kwetu mtu akipona, familia husimama mbele ya watu na kushukuru. Bwire alisimama na mke wake na mtoto wake.

"Mnaona binti huyu?" alisema. "Kifafa kimekwisha! Kimekwisha kabisa!"

Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Baadaye walikwenda nyumbani, wakala wali na nyama, wakacheza.

Jioni ile Kevina alichukua kopo la tembe.

"Unafanya nini?" Bwire aliuliza.

"Nampa mtoto dawa yake."

"Dawa ya nini? Tumeshashukuru, Mama Ajambo. Mbele ya watu wote! Ukimpa tembe leo, unasema nini? Unasema Mungu hakufanya kitu?"

"Naogopa tu, Baba Ajambo."

"Na watu wakikuona tena kwenye foleni ya dawa? Watasema Bwire ni mwongo. Watasema alikula jogoo wa uongo."

Kevina alishika lile kopo kwa muda. Alitamani sana iwe kweli. Nani asingetamani? Akalirudisha juu ya kabati. Ajambo hakumeza tembe siku ile, wala siku zilizofuata.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Mtoto alikwenda shule, akarudi. Bwire alikuwa akisema, "Unaona?" Kevina aliona, lakini usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa kuku.

Asubuhi moja ya Jumamosi, Ajambo alikuwa akigeuza samaki kwenye wavu. Kevina alikuwa akifagia. Alisikia sauti moja, kama mtu anayekohoa vibaya. Aligeuka. Mtoto alikuwa chini, kati ya samaki, na mwili wote unatetemeka.

"Nyasaye wangu! Mungu wangu!" Kevina alilia.

Majirani walikuja mbio. Wakafika karibu, wakasimama. Hakuna aliyesogea tena.

"Msimguse!" mzee mmoja alisema. "Mate hayo!"

"Leteni kijiko, mtieni mdomoni asijiume!"

"Mwagieni maji!"

Mwanamke mmoja alileta kijiko kweli. Lakini kabla hajakitumia, mtu alimpokonya. Alikuwa Dorah, fundi wa kushona. Cherehani yake iko barazani, nyumba ya pili. Alikuwa bado na utepe wa kupimia shingoni.

"Toa kijiko chako," Dorah alisema. "Unataka kumvunja meno? Usimtie kitu mdomoni. Na wewe, acha kumshika miguu, mwache atetemeke. Mama Ajambo, ondoa jiwe hilo karibu na kichwa. Nani ana simu? Tazama saa."

Alikunja leso, akaiweka chini ya kichwa cha mtoto. Kisha akamlaza kwa ubavu, ili mate yatoke yasimkabe. Mate yalimwagika kwenye mikono yake.

"Wee Dorah!" yule mzee alipiga kelele. "Utaambukizwa!"

Dorah hakuinua kichwa.

"Siwezi kuambukizwa, baba," alisema. "Hata bila mate ya mtu, kifafa ninacho tangu nikiwa msichana."

Hata mwenye simu alisahau kutazama saa, mpaka Dorah akamuuliza tena.

"Dakika ngapi?"

"Zinakaribia tano."

"Hajaacha. Iteni boda. Ikipita dakika tano, hakuna kungoja. Ni kituo cha afya, haraka."

Boda alikuja. Kevina alipanda, akampakata mtoto, na Dorah akakaa nyuma akiwashikilia wote wawili. Njia nzima Kevina aliita, "Ajambo! Ajambo!" Mtoto hakuitika.

Kituoni muuguzi Othieno alimpokea mlangoni. Alimchoma sindano. Kevina alisimama ukutani. Hakuweza kukaa wala kuomba. Aliangalia kifua cha mtoto tu, kinavyopanda na kushuka. Baada ya muda mrefu mtetemo ulipungua. Ukaisha. Ajambo akalala.

Bwire alifika akikimbia, vumbi la saruji limemjaa kichwani.

"Yuko hai?"

"Yuko hai," Othieno alisema. "Keti, mzee. Niambieni. Tembe zake zilikwisha lini?"

Bwire alimtazama mke wake. Kevina alitazama sakafu.

"Hazikwisha," Kevina alisema polepole. "Ziko juu ya kabati."

Bwire alikohoa. "Mimi ndiye nilikataza. Tulishukuru kanisani. Sasa, daktari, niambie. Tulidanganya?"

Othieno alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Hamkudanganya. Miezi yote hiyo hakuanguka. Hiyo ni kweli, na ni vizuri kushukuru. Kosa lilikuwa kusema kimekwisha. Ukifunika makaa kwa jivu, unaona moto?"

"Sioni."

"Umezimika?"

"Hapana. Asubuhi ukifukua, upo."

"Basi tembe ni jivu. Inafunika. Mliondoa jivu ghafla, moto ukawaka kuliko zamani. Tembe za kifafa haziachwi hivyo. Mtoto anameza kila siku, saa zilezile, hata akiwa mzima kabisa. Akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, mnakuja hapa, tunazungumza. Kama ni kupunguza, tunapunguza kidogo kidogo. Mtu haamui peke yake nyumbani."

"Na kanisani, nitawaambia nini?" Bwire aliuliza.

"Waambie Mungu bado anamtunza, na tembe bado zipo. Wapi ulisoma kwamba vitu hivyo viwili vinagombana?"

Bwire alipangusa vumbi usoni kwa kofia, na vumbi likazidi.

Ajambo alirudi nyumbani akiwa mzito. Wiki nyingi alisahau maneno. Alianza kitendawili, akakwama katikati.

"Ninaye... ninaye..." Kisha akaanza kulia.

Hapo ndipo Kevina alivunjika moyo. Si siku ya kuanguka. Siku ya kuanguka mtu ana kazi ya kufanya. Ni baadaye. Samaki walianza kuharibika, hakuwageuza. Alikaa mlangoni, nywele hazikusukwa, uso umekauka.

Dorah alikuja na kiti chake cha kushonea, akakiweka karibu naye.

"Mama Ajambo, hujambo?"

"Nimechoka, Dorah. Usimwambie mtu. Jana niliomba Mungu atuchukue. Yeye na mimi pamoja. Nilisema, inatosha."

Dorah hakumkemea. Hakusema "usiseme hivyo."

"Unafikiri kujidhuru? Au kumdhuru mtoto?" aliuliza. Aliuliza wazi, bila kuzunguka.

"Hapana. Nimechoka tu."

"Ukianza kufikiri hivyo, hata mara moja, uniite saa yoyote. Tutakwenda kwa Othieno pamoja. Uchovu huo nao una watu wa kuutibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Kesho asubuhi una kazi gani?"

"Kazi gani? Kukoroga uji."

"Nani atakunywa?"

"Ajambo."

"Basi ya kesho umepata. Ya keshokutwa tutaitafuta keshokutwa."

Kevina alimgeukia. "Wewe umewezaje? Miaka yote hiyo?"

"Mimi?" Dorah alicheka kidogo. "Kila jioni naacha nguo moja haijaisha. Kwa makusudi. Imebaki mkono mmoja, au vifungo. Kuna asubuhi naamka mwili unakataa. Nasema, leo silitaki hili jua. Halafu nakumbuka, mama fulani anangoja gauni lake. Atakuja hapa na mdomo wake! Naamka, nameza tembe, nakaa kwenye cherehani."

"Na kama hakuna nguo ya mtu?"

"Nafumua yangu, nashona upya."

Kevina alicheka. Alishangaa mwenyewe kusikia kicheko chake.

"Lakini sasa watu wanajua," alisema. "Ulisema mbele yao. Wateja wako..."

"Wawili wamechukua vitambaa vyao," Dorah alisema. "Wanasema nguo zangu zina kifafa. Mmoja amekwenda kwa fundi mwingine, akashonewa sketi inayotazama kando. Atarudi."

Walicheka tena wote wawili. Kisha Kevina akainuka, akaenda kuwageuza samaki. Nusu walikuwa bado wazuri.

Siku ya dawa ilipofika, Kevina alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Aliogopa macho ya watu wa kanisa kuliko alivyoogopa simba. Alishika mkono wa Ajambo, akaingia kwenye foleni, akainamisha kichwa.

Mbele yake alisimama mwanamke mwingine, naye amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na kijana aliyefunikwa shuka. Foleni ilisogea. Yule mwanamke aligeuka. Alikuwa Mama Maloba, kiongozi wa kwaya, yule aliyepiga vigelegele kuliko wote siku ya jogoo.

Walitazamana.

"Mama Ajambo."

"Mama Maloba."

Mama Maloba akanong'ona:

"Nilipowasikia mmeshukuru, na mimi niliacha kumpa wangu tembe. Nilisema, kama Mungu amewaponya wale, kwa nini si sisi? Alianguka kwenye mtumbwi, ziwani kule Majanji. Walimtoa majini kwa kumvuta nywele."

Kevina hakujua kwamba maneno ya nyumba yake yalikwenda mbali vile.

"Maloba, toa shuka," alimwambia yule kijana kwa upole. "Kuna joto."

Na yeye mwenyewe akafungua kitambaa chake.

Jumapili iliyofuata Bwire alisimama kanisani bila jogoo. Si mtu wa maneno mengi, na jasho lilimtoka. "Nilisema kimekwisha," alisema. "Hakijakwisha. Nilimnyima mtoto dawa, karibu nimzike. Mwenye mtoto wa hivyo, asiache tembe. Ni hayo tu." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada mama mmoja kutoka kijiji cha Mella alimvuta Kevina kando, akamuuliza dawa zinapatikana siku gani.

Mambo ya nyumba ile yalibadilika. Ajambo humeza tembe baba yake akimtazama, asubuhi na jioni. Jiko limeinuliwa kwa udongo, moto hauko chini tena. Haendi kisimani peke yake. Hulala mapema, wala halali na njaa. Akipata homa, hupelekwa kupimwa malaria siku ileile, kwa sababu homa huamsha kifafa. Na ile sahani ya peke yake? Bwire aliichukua, akawawekea kuku maji.

Dorah naye alikwenda shuleni, akaomba kusema na darasa la Ajambo. Aliwafundisha watoto: ondoa vitu vya hatari, mlaze kwa ubavu, usitie kitu mdomoni, tazama saa, kaa naye. Walijaribu kwa zamu, wakilazana sakafuni na kucheka mpaka mwalimu akachoka.

Sitawaambia kwamba Ajambo hajaanguka tena. Nitakuwa nawadanganya, na bibi yenu hapendi. Alianguka. Ilikuwa shuleni, siku ya mtihani.

Kevina alikuwa uani na samaki wake. Aliona watoto wanakuja njiani kabla ya saa ya kutoka. Walikuwa kundi. Aliwatazama mmoja mmoja, akimtafuta anayebebwa.

Hakuna aliyebebwa. Ajambo alikuwa katikati, anatembea kwa miguu yake, sare imejaa vumbi. Rafiki yake Phiona alibeba begi lake, na walikuwa wanabishana.

"Nilikulaza kwa ubavu wa kushoto," Phiona alisema.

"Kulia! Tazama vumbi liko wapi!"

"Wewe ulikuwa umelala, utajuaje?"

Walifika uani.

"Mama, leo nilianguka," Ajambo alisema, kama mtu anayesema leo mvua ilinyesha. "Haikufika hata dakika mbili. Phiona alihesabu. Nina njaa."

"Na sisi pia," Phiona alisema.

Kevina aliwahesabu wote, akaingia jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria.