Maharage ya Mwokaji

Jumamosi asubuhi duka la nyama ya nguruwe lilikuwa limejaa mpaka nje. Watu wanasukumana, msumeno wa mifupa unapiga kelele, na mwenye duka, jitu lenye shingo kama gogo, anapaza sauti juu ya yote.

"Paja la moshi, lililokaushwa vizuri, limebaki kipande kimoja! Kina mfupa wake!"

Mikono miwili ikakidaka pamoja. Mmoja ulikuwa wa mwanamume, mpana, wenye unga kwenye kucha. Wa pili ulikuwa wa mwanamke, mwembamba, umefunikwa na gauni la kijani lililofungwa vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono, na joto lote lile.

"Kaka, toa mkono."

"Toa wewe, dada. Mimi nimeshika nyama, wewe umeshika mfupa."

"Huo huo ndio ninaoutaka. Maharage bila mfupa ni chakula cha jela."

"Nyie wawili," mwenye duka akasema, "mkioana mtakula sufuria moja. Msipooana nakata. Semeni upesi, watu wana njaa."

Foleni nzima ikacheka. Alikata. Mwanamume akapewa nyama, mwanamke mfupa, na mwanamume akamfuata mpaka barabarani, kifurushi kwapani.

"Sasa niambie, hayo maharage yako unayapikaje?"

"Unayaloweka usiku kucha. Asubuhi unamwaga maji. Unaweka na mfupa, moto mdogo, unayaangalia. Chumvi usiguse mpaka mwisho, nyama yenyewe ina chumvi ya kutosha."

"Nani kakufundisha?"

"Mama," akasema, akaaga upesi, akaenda zake.

Mwanamume huyo alikuwa mwokaji mikate. Usiku anafanya kazi mbele ya tanuru, mchana analala. Mwanamke alikuwa mshonaji, ana duka dogo na dada yake, na juu ya cherehani wametundika kibao: NGUO ILIYOVALIWA HAIRUDISHWI. Mwokaji alikijua kibao hicho kwa moyo baada ya wiki chache, maana alipeleka suruali ya kupunguza, kisha suruali ya kuongeza, kisha shati.

"Hili limekatwa na mkasi," mshonaji alisema.

"Panya."

"Panya wa kwako wana mkasi?"

"Nyumba yangu ni kubwa, Mikono. Ina kila kitu."

Mikono. Ndilo jina alilompa, kwa sababu ya yale magauni yake ya mikono mirefu, la kijani, la bluu, la maua, yote vifungo mpaka kwenye kifundo. Yeye akamwita Unga, maana hata akioga, masikioni unga haumtoki. Wakapendana. Ni mambo ya kawaida, yanatokea kwa watu wazima pia. Walikwenda kunywa chai, walikwenda kucheza muziki, na kila walikokwenda mshonaji alichagua meza ya karibu na mlango.

Mwokaji alimpa ufunguo wa nyumba yake. "Kengele ipo," alimwambia, "nimeifunga mwenyewe. Inatoa cheche kidogo lakini inaimba kama ndege. Ila ukikuta nimelala, fungua tu."

Ufunguo aliupokea. Nyumbani hakuja. Leo kichwa, kesho mteja, keshokutwa mvua. Siku moja alifika mpaka mlangoni, akamkuta anawasha jiko la gesi. Mwokaji hakuwa mtu wa kuogopa moto. Alifungua gesi kwanza, akatafuta kiberiti baadaye, na moto ukaruka fuuu mpaka karibu na nyusi zake. Akacheka. Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi na ngazi zinalia kwa viatu vya mtu anayekimbia.

Jioni akampigia simu.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nyumba yangu ndiyo mbaya. Umeona makochi yamechanika, umeona jiko la mtu asiye na mke, ukakimbia."

"Siyo hivyo, Unga."

"Ni vipi? Niambie. Kuna mwingine?"

Mshonaji akakaa na simu sikioni.

"Umenyamaza," mwokaji akasema. "Haya. Nimeelewa."

Wiki nzima hawakuongea. Mwokaji aliunguza mikate, akatukanwa na bosi wake. Mshonaji alishona mfuko wa shati mgongoni. Kisha asubuhi moja simu ikalia dukani.

"Mikono. Nimetoka kazini sasa hivi. Nimenunua paja la moshi, zima, na mfupa. Maharage nimeyaloweka tangu jana, maji nimemwaga kama ulivyosema. Naweka jikoni. Njoo mchana tule. Kama ni kuachana, tuachane tumeshiba."

"Hujalala?"

"Nitalala nikikuoa."

"Usiyaache peke yake hayo maharage. Yanatoa povu. Unanisikia? Yaangalie."

"Naam, mama mkwe," akasema, akakata.

Dada wa mshonaji aliinua macho kwenye pasi. "Unaenda?"

"Naenda kumrudishia ufunguo. Mtu hawezi kuolewa na nyumba asiyoweza kuingia."

"Mwambie ukweli. Mwambie mama alivyokufa."

"Halafu? Anione kichaa? Mtu anayelala na tanuru, nimwambie naogopa jiko?"

"Mwambie aliamka alfajiri kuchemsha chai, gesi imejaa jikoni, akabonyeza swichi ya taa. Mwambie ulikuwa nyuma yake. Mwonyeshe huo mkono. Siyo ukichaa, mdogo wangu. Ni kidonda."

Alivaa gauni la bluu, akafunga vifungo vyote, akaushika ufunguo mkononi ili asije akabadili nia njiani.

Nyumba ya mwokaji ilikuwa ghorofani, kwenye ukumbi mwembamba wenye milango mitatu. Mshonaji alipanda akipanga maneno. Nashukuru kwa yote. Tatizo siyo wewe. Akafika mlangoni, akavuta pumzi, akanyoosha kidole kwenye kengele.

Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe alipoisikia ile harufu.

Akaganda. Hakukibonyeza, hakukiondoa. Aliiona kengele ile ikiimba kama ndege, akaiona ile cheche. Jasho likamtoka kichwani likateremka mgongoni. Kutoka chini ya mlango harufu ilikuwa inampanda miguuni kama maji. Ni ile ile. Tangu utotoni hakuwahi kuisahau, aliisikia hata pasipokuwa nayo, ndotoni, kwenye gari, kanisani. Lakini leo ilikuwepo.

Polepole, kama mtu anayetoa mkono kinywani mwa mbwa, akakiondoa kidole.

Mlango wa jirani ukafunguka. Akatoka mzee mwenye kofia, sigara mdomoni, kiberiti mkononi.

"Usiwashe!" Sauti ilimtoka mshonaji nyembamba kama ya mtoto. "Baba, usiwashe! Gesi! Shuka chini, waite zimamoto kutoka nje. Usiguse swichi yoyote!"

Mzee akatazama mlango, akatazama uso wake, sigara ikamdondoka. Akashuka mbio kuliko umri wake.

Sasa akabaki peke yake. Miguu ilimwambia shuka. Kila kiungo kilimwambia shuka. Mkono wa kulia, ulio na kovu chini ya kitambaa, ulimuuma kama umeungua jana. Ndani hakuna sauti. Angekuwa macho angekuwa ameshasikia kelele. Amelala. Au ameshakufa. Na ngazi ziko pale pale, tupu, zinamngoja.

Alilia. Lakini alilia huku anaingiza ufunguo, akiuzungusha taratibu, chuma kisikwaruze chuma.

Akaingia amejiziba pua kwa mkono wa gauni. Jikoni maharage yalikuwa yametoa povu, yakafurika, yakamwagika juu ya jiko na kuuzima moto. Gesi ilikuwa inatoka inapuliza ssss, mfululizo. Alipita mbele ya jiko lile kama anayepita mbele ya simba. Akapiga magoti, akaushika mtungi, koki ikamponyoka. Akaishika tena. Akaifunga. Ssss ikanyamaza. Akafungua madirisha, la jikoni, la sebuleni.

Mwokaji alikuwa chini, kando ya kochi lililochanika. Alijilaza dakika mbili tu, usingizi wa mtu aliyekesha ukamchukua. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Unga! Unga, amka!"

Hakuamka. Alikuwa mzito kama gunia. Mshonaji akamshika kwapani, akamburuta sakafuni, akapumzika, akamburuta, vifungo vya gauni vikikatika kimoja kimoja na kurukia huku na kule. Alimtoa ukumbini, akamteremsha ngazi moja baada ya nyingine, kichwa chake kifuani pake, mpaka kwenye kituo cha ngazi penye dirisha. Hapo akamzaba kofi. Akamzaba la pili.

Mwokaji akakohoa. Akatapika juu ya gauni la bluu. Akafungua jicho moja.

"Maharage," akasema.

"Pumbavu wewe," mshonaji akasema, akamkumbatia. "Pumbavu mkubwa."

Mkono wa gauni ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko. Mwokaji akaliona kovu, pana, lenye mikunjo, tangu kifundo kwenda juu. Alilitazama muda mrefu. Chini wazimamoto walikuwa wanapanda na viatu vyao vizito.

Aliambiwa yote hospitalini, dada mtu akiwa amekaa pembeni kuhakikisha hakuna kinachorukwa. Mwokaji alisikiliza, uso ukielekea ukutani.

"Na mimi nikawa nakuita Mikono," akasema mwishoni.

"Nilikuwa nalipenda jina."

"Na nikakwambia nyumba yangu ni mbaya."

"Hilo ni kweli. Makochi yamechanika."

Jumapili iliyofuata mwokaji alimwalika tena. Kengele alikuwa ameing'oa. Alinunua mpira mpya wa gesi na koki mpya. "Ukitaka nalitupa jiko zima," alisema. "Tutakula mikate mpaka tufe."

"Liache. Mimi nitakaa hapa." Alikuwa mlangoni mwa jikoni, nje ya kizingiti, gauni lake la njano lina mikono mifupi. Lilikuwa la kwanza la namna hiyo tangu utotoni. "Washa kiberiti kwanza. Kwanza kiberiti! Ndiyo. Sasa gesi, kidogo."

Moto ukashika, mdogo, wa bluu. Mshonaji alikuwa ameung'ang'ania mlango kwa mikono miwili.

"Ile siku," mwokaji akasema huku akikoroga, mgongo umemgeukia, "ulikuwa umekuja kula?"

Mshonaji hakutaka kumdanganya. "Nilikuja kukurudishia ufunguo."

Mwiko ukasimama. Akageuka. Uso wake, ambao tanuru halikuwahi kuutisha, ulikuwa umeingiwa na hofu.

"Basi acha mimi niulize sasa, kabla hujaurudisha. Mimi ni mtu wa mchana kulala, sina maneno. Utakubali kuwa..."

Nyuma yake povu likapanda, likafika ukingoni.

"Maharage!" mshonaji akapiga ukelele, na kabla mwokaji hajageuka alikuwa ameshamsukuma, ameshafunua mfuniko, ameshapunguza moto kwa mkono wake mwenyewe. Povu likashuka. Moto ukabaki unawaka. Akasimama akihema, akautazama mkono wake ulioshika swichi ya jiko, akatazama kizingiti kilichobaki nyuma yake.

Mwokaji alinyoosha tu kiganja kitupu, kama mtu anayedai ufunguo wake.

Mshonaji akakitazama.

"Kwani hukusoma kibao?" akasema. "Iliyovaliwa hairudishwi, na ufunguo ni hivyo hivyo. Lete chumvi."